Samaki Waliokataa Kioo

Ting. Ting. Ting. Tup.

Nilikuwa bado nje, nimeinama nakung'uta ndala zangu tope la mto Mirongo, niliposikia sahani zangu zikigongwa upande wa pili wa mabati. Sikuhitaji kuona ni nani. Mafundi wengine waligonga sahani kwa ukucha, taratibu, wakitega sikio. Yeye alitumia konzi, ileile ambayo walimu walitupiga nayo utosini tulipokosea hesabu. Sahani nzima hutoa sauti ndefu na nyembamba inayokaa hewani kidogo kabla ya kuondoka. Sahani yenye ufa husema tup, basi, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Tup ya pili ilifuatwa na kicheko chake cha puani.

Niliingia. Fundi wa kioo, yule aliyezipa sahani mng'ao wake, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mgongo kwenye mlango, miguu imelizunguka karai lake. Sahani mbili amezitenga sakafuni, zimelala kifudifudi.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Alichukua sahani nyingine akaigonga.

"Msanii wetu amefika," aliwaambia waliokuwepo. "Mbili zimepasuka."

"Juzi zilikuwa nzima. Ulizigonga mwenyewe kabla sijazigusa."

"Ndiyo nasema. Kabla hujazigusa."

"Labda unazigonga mno."

"Labda," alisema. "Miaka ishirini nagonga sahani humu ndani, labda leo ndiyo nimekosea."

Mama aliyekuwa akikanda udongo kwenye kona alicheka. Siku hizo watu walicheka upesi sana kwenye kile kiwanda. Tulikuwa tumebaki watano kati ya wafanyakazi kumi na wanane, na kila mmoja alijua kwamba anayechekwa ndiye anayefuata kuondoka.

Kiwanda chenyewe kilikuwa banda refu la bati chini ya miamba, karibu na mto. Kilikuwa cha shirika la umma, kikauzwa, kikawa cha mtu mmoja. Tulimwita tajiri. Zamani alikuwa ofisa katika shirika hilohilo, na kwa muda mrefu kazi yake iliyojulikana ilikuwa kutuidhinishia sukari ya chai. Sasa alikuja asubuhi na pikipiki, akasimama katikati ya banda akitazama mabati ya juu, kama mtu aliyerithi nyumba na kugundua inavuja. Sokoni vikombe vya nje vilikuwa vimefika, vyeupe, vyembamba, kila kimoja na waridi lilelile mahali palepale. Sahani za plastiki zilipangwa chini kwenye maturubai, na akina mama walizikanyaga kwa makusudi ili waone kama kweli hazivunjiki. Sahani zetu zilivunjika. Hiyo ndiyo ilikuwa aibu yetu yote.

Kisha hoteli mpya ufukweni ikaagiza sahani sitini zenye samaki wa ziwa. Tajiri alikuja na habari hiyo mpaka mezani kwangu, akaongea kwa sauti ya kusikika na wote.

"Zikitoka vizuri, meza ya rangi inabaki," alisema. "Zisipotoka, naagiza stika za picha. Tunabandika, tunachoma, tumemaliza. Siwezi kumweka mtu mzima kwa ajili ya brashi."

Mtu mzima huyo alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Meza ile ya mbao yenye madoa ndiyo iliyonivusha kwa kivuko kutoka Sengerema, kinyume na matakwa ya baba aliyetaka nisomee ukarani. Mama ndiye aliyenitetea. Aliwaambia wanawake wote wa kanisani kwamba binti yake analipwa kwa kuchora, na walipokataa kuamini aliwaonyesha kikombe. Sikuwa na kazi nyingine ninayoijua, wala sikuitaka. Nikiipoteza meza, napanda kivuko kurudi kwenye ukarani wa baba.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Sahani ilipakwa udongo mweupe, ikakaushwa, ikachomwa mara ya kwanza. Ikitoka tanuruni hapo ilikuwa na kiu. Ukiigusa kwa ulimi, ulimi unanasa. Juu ya kiu hiyo mimi nilichora kwa rangi ya chini, yaani unga wa rangi uliosagwa na maji na gundi kidogo, chembe tu, ili ushike. Rangi ya chini ikikauka haipendezi. Buluu yangu, ambayo baadaye ingekuwa buluu ya ziwa saa nne asubuhi, ilikuwa kijivu cha majivu ya jikoni. Ilibidi uchore kwa imani. Kisha sahani ilikwenda kwa fundi wa kioo. Kioo tuliita yale maji mazito meupe kwenye karai lake, mchanganyiko wa chupa zilizosagwa na udongo laini na vitu vingine alivyovijua yeye peke yake. Alichovya, sahani ikanywa, samaki wangu akazikwa chini ya weupe kama wa unga wa muhogo. Moto wa pili uliyeyusha ule unga ukawa kioo kweli, na samaki akarudi, yuko chini ya maji yasiyokauka milele.

Kwa hiyo kila nilichochora kilipita mikononi mwake kabla ya kuonekana, na mikono yake haikunipenda.

Aliamini kwamba kioo ndicho sahani. Rangi kwake ilikuwa uchafu uliopata ruhusa. Na alikuwa na desturi yake: kabla ya kuchovya, alipitisha kidole gumba juu ya mchoro, akasugua. Rangi ikitoka, aliinua kidole juu.

Asubuhi ile ya sahani mbili zilizopasuka, tajiri aliingia wakati fundi amekwisha kuanza kusugua. Alisugua samaki wa kwanza, jicho likatoka. Alisugua wa pili, akabaki na mkia. Alifuta samaki sita mbele ya tajiri, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, huku nimesimama na kikopo cha maji mkononi.

"Kazi ya msanii hii hapa," alisema, kidole kimekuwa kijivu mpaka kwenye ukucha. "Tuifunge kwenye gazeti tumpelekee mama yake."

"Unasugua kwa nguvu," nilimwambia.

"Kioo kina nguvu kuliko mimi. Rangi ikiwa vumbi, kioo kinakaa juu ya vumbi. Kikikaa juu ya vumbi kinaanguka."

Sasa najua kwamba alisema kweli. Kumpa haki hiyo hapa kunaniuma kama kumeza mwiba wa samaki. Lakini mtu anaweza kukwambia kweli ili usiisikie, na yeye alikuwa bingwa wa hilo. Tajiri alitazama kidole, akanitazama mimi, akaondoka. Nilisikia pikipiki yake ikikataa kuwaka, mara tatu, mara nne, na katika kila mara nilijua anafikiria stika.

Kesho yake sikumwamkia yule mzee.

Asiye wa kwetu anaweza kuona ni jambo dogo. Kigoda chake kilikuwa karibu na mlango. Usingeweza kufika popote humo ndani bila kupita mbele ya magoti yake. Kumpita mtu wa umri ule, amekaa, asubuhi, ukafumba mdomo, ni sawa na kumwambia mbele ya watu kwamba amekwisha kufa na hajazikwa. Mama wa udongo aliacha kukanda. Hata mchoma tanuru, mtu asiyejali chochote ila mafuta yake machafu ya magereji, aligeuka.

Mama wa udongo alinifuata nje kwenye bomba.

"Binti, msalimie tu. Hupungukiwi kitu."

"Haitikii."

"Hata asipoitikia, wewe umetoa. Limebaki lake."

"Ananipunguzia samaki, mama. Atapunguziwa shikamoo."

Alitikisa kichwa, akajaza ndoo, akaondoka. Hakulirudia tena. Wiki tatu nilipita mbele ya magoti yale kila asubuhi, na niseme bila kujificha kwamba nilipita polepole.

Wiki hizohizo nilikuwa nachora sahani za hoteli upya, zote. Na nilikuwa nimeamua kwamba kidole kile hakitapata kitu. Jumamosi nilikwenda sokoni, nikamkuta mama mmoja aliyetoka njia ya Usagara na gundi ya migunga, mabonge ya rangi ya asali yaliyoganda na vipande vya magome. Nilinunua kifuko kizima. Gundi iliyokuwa ikitutosha kiwandani mwezi mzima ilienea kwenye kijiko. Mimi niliyeyusha kifuko kizima kwenye maji ya moto mpaka yakavuta nyuzi, nikamimina kwenye kila kikopo cha rangi.

Sijawahi kuchora vizuri namna ile. Brashi ilikuwa haikimbii tena; ilivuta mstari mzito, wenye subira, mstari unaojua unakokwenda. Nilichora sato mwenye mapezi yaliyosimama kwa hasira. Nilichora gogogo na madoa yake. Nilichora sangara mwenye mdomo wazi, yule mla wenzake aliyekuwa ameujaza mji viwanda vya minofu, na kila sangara nilimpa jicho la fundi wa kioo, dogo, lisilopepesa. Rangi zilipokauka zilikuwa na mng'ao kidogo, kama ukucha uliopakwa mafuta. Nilidhani ni uzuri.

Siku ya kuchovya alichukua sahani ya kwanza na kupitisha kidole gumba. Hakikutoka kitu. Alisugua tena. Alitema mate kwenye kidole, akasugua kwa mviringo, mabega yakicheza. Aligeuza kidole akakitazama. Kilikuwa safi.

"Umeweka nini?" aliuliza. Wiki tatu hakuwa ameniuliza jambo.

"Rangi," nilisema kutoka mezani kwangu.

Nilifurahi. Ilikuwa furaha ya chuki, na sijui kwa nini vitabu vinasema chuki ni chungu. Ile ilikuwa tamu, ilijaa kinywani kama muwa. Niliinamisha kichwa nikajifanya naosha brashi. Niliposikia sahani ikizama kwenye karai sikugeuka. Ya pili haikufuata upesi. Nilipoiba kutazama, niliona mgongo wake tu: ameinua sahani usawa wa macho, anaigeuza huku na huku, anaigeuza tena. Kisha aliiweka kwenye ubao. Akachukua ya pili. Akaendelea hivyo mpaka jioni, bila mzaha hata mmoja, bila kuinua kidole, na mimi nikajiambia kwamba nimemshinda.

Ningeweza kwenda kuangalia. Mbao zenye sahani zilikuwa nyuma ya kigoda chake, hatua nane kutoka mezani kwangu. Lakini ili nifike ilibidi nipite mbele yake kwa karibu, nimwombe asogeze miguu, na kumwomba mtu kitu bila kumwamkia kwanza ni jambo ambalo hata hasira yangu haikuliweza. Kwa hiyo sikwenda. Alizipanga mwenyewe tanuruni asubuhi iliyofuata, akaziba mlango wa tanuru kwa matofali na udongo, na mafuta machafu yakaanza kudondoka na kunguruma.

Tulingoja siku mbili lipoe. Tajiri aliagiza asiguse mtu mpaka awepo.

Alikuja amevaa shati la mikono mirefu, la kwendea hotelini. Fundi alitoa matofali, moja moja, akayapanga pembeni kwa utaratibu wa kuudhi. Aliingiza mkono, akatoa sahani ya juu kabisa, akampa tajiri. Hakunitazama.

Ukingo wa sahani uling'aa kama maji. Katikati hapakuwa na kioo. Pale alipokuwa sato, kioo kilikuwa kimekimbia pande zote na kujikunja kuwa mdomo mnene kumzunguka, na sato mwenyewe amebaki mkavu, mweusi, ana ukurutu kama kidonda kilichopona vibaya. Tajiri alipitisha kidole: kioo, kioo, kisha akauondoa mkono haraka. Fundi alitoa nyingine. Akatoa nyingine. Sangara wangu wote walikuwa uchi. Walikuwa kama mapanki, yale mafupa ambayo viwanda vya minofu viliwauzia watu wa mjini baada ya nyama kupanda ndege.

"Hii ni nini?" tajiri aliuliza.

"Kioo chake," nilisema. Nilimnyooshea fundi kidole. "Kioo chake kimewakataa."

Fundi alikwenda mezani kwangu. Alichukua kikopo cha buluu, akakipindua juu chini mbele ya uso wa tajiri. Brashi ilibaki imesimama ndani yake. Hakuna kilichomwagika.

"Gundi," alisema. "Sahani imekunywa gundi, haina kiu tena. Kioo kitashika wapi?"

Tajiri aliniangalia. Nilitaka kusema kwamba niliiweka kwa sababu ya kidole cha fundi, na katika akili yangu sentensi hiyo ilikuwa ndefu na ya haki. Kinywani haikuja.

"Na wewe," tajiri alimgeukia, "ulipochovya hukuona?"

Fundi alikirudisha kikopo mezani.

"Niliona."

"Kuanzia sahani ya ngapi?"

"Ya kwanza. Kilikuwa kinateleza kama maji kwenye jani la magimbi."

"Ukachovya zote."

"Nikachovya zote."

"Kwa nini hukusema?"

Alijifuta mikono kwenye suruali, mbele, nyuma, kila kidole.

"Nimwambie nani? Kwake huyu mimi simo humu ndani. Wiki tatu ananipita pale asubuhi kama anapita gunia. Gunia halisemi."

"Umeniharibia sahani sitini kwa sababu ya shikamoo?"

"Hamsini na nane," fundi alisema. "Mbili zilikuwa na ufa."

Hakuna aliyecheka. Tajiri alikaa juu ya matofali na shati lake zuri. Kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa ni mtu aliyechoka tu, aliyenunua banda asilolijua. Alitutazama wote wawili kwa zamu, na nilimwona akipima.

"Huyu nikimfukuza," alisema, akimwonyesha fundi kwa kidevu, "nani atachanganya kioo? Hakijaandikwa popote. Kimo kichwani mwake." Alinigeukia. "Wewe nikikufukuza..." Hakumaliza. Hakuhitaji, stika zilimalizia. "Ila sikufukuzi. Zikija, utabandika. Una vidole vyepesi."

"Azilowanishe kwanza," fundi alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya kazi. "Stika kavu inachanika."

Wakati huo ndipo nilipomchukia kweli. Yote ya nyuma yalikuwa mazoezi. Alikuwa amekwisha kuniweka kwenye kazi yangu mpya, amenikadiria, ameridhika. Ningebaki pale, hatua nane kutoka kwenye kigoda chake, nikibandika samaki waliochorwa na mashine katika nchi isiyo na sato, na yeye angewachovya bila kuwasugua, kwa sababu stika haina wa kuaibishwa. Tena ningemwamkia. Ningelazimika, kila asubuhi, mpaka mmoja wetu afe.

"Sibandiki," nilimwambia tajiri.

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri."

"Kwenu Sengerema kuna kazi gani?"

"Hakuna."

Aliinua mabega, akasimama, akajikung'uta vumbi la matofali, akaenda kuipigia hoteli simu. Mama wa udongo alikuwa analia kimyakimya, mikono imezama kwenye udongo mpaka kwenye viwiko. Sijui alimlilia nani.

Nilivua aproni nikaitundika. Rangi sikuzigusa, zilikuwa za kiwanda, na zilikuwa zimekwisha kuwa mawe. Fundi alikuwa amerudi kwenye karai lake. Alikuwa na vikombe vya maziwa vya kuchovya, vyeupe, visivyo na mchoro, na alivichovya kwa mkono ule wenye uhakika ambao, nione aibu au nisione, nimeutafuta tangu hapo katika kila kazi ninayoifanya. Kikombe kilizama, kikahesabiwa pumzi mbili, kikatoka kimevaa weupe ulio sawa kila mahali.

Nilisimama mbele ya magoti yake.

"Ungeniambia," nilisema.

"Ungesalimia," alisema.

Alingoja. Alikuwa ameshika kikombe hewani, tone likining'inia kwenye kitako chake, na uso ameuinua kunitazama, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nifike pale. Nilijua anangoja nini. Lilikuwa neno moja. Tone likaanguka.

Nilimpita. Nje jua lilikuwa kali, na upepo wa ziwa ulikuwa unasukuma vumbi la barabarani kuelekea bandani. Nyuma yangu nilisikia kigoda kikiburuzwa na miguu yake ikija taratibu mpaka kizingitini. Alikuwa na vikombe vibichi ndani, na vumbi huharibu kioo kibichi. Akavuta mlango wa bati, ukakwama kwenye jiwe, akausukuma kwa bega, ukafungika.